Siku Senje Aliponyoosha Mguu Wangu

Vijana wangu, nimewafunga watu mikono na miguu kwa zaidi ya miaka thelathini katika chumba cha plasta hapa Kakamega. Mkiniuliza ni mgonjwa gani aliyenifundisha kazi kuliko wote, nitawajibu bila kufikiri: ni mimi mwenyewe, siku ya tatu ya likizo yangu, nikiwa nimelala kwenye tope la Lugari nikiutazama mguu wangu wa kulia umeelekea upande ambao mguu hauelekei.

Nawaambia haya nyinyi mnaofunga mabegi kila mwisho wa mwaka kwenda kwa wajomba, kwa mashangazi, kwa rafiki aliyejenga mbali. Wagonjwa wengi niliowahudumia miezi hiyo hawakuumia kazini. Waliumia wakipumzika. Karani ambaye hajashika shoka tangu aache shule anapasua kuni ili shemeji zake wamwone. Mwalimu anapanda juu ya paa. Mtu akiwa likizo hufanya kazi ya mtu mwingine, tena huifanya mbele ya watazamaji, na hapo ndipo mfupa unapovunjika. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Sisi tuliokuwa tukisafisha vidonda na kufunga mifupa tuliitwa madresa. Tulivaa kaptura nyeupe zilizopigwa pasi mpaka zikasimama zenyewe. Huko vijijini watu walituita madaktari, na mimi sikuwasahihisha hata siku moja.

Mkubwa wangu alikuwa Mzee Alfayo, mtu mfupi, mpole wa sauti na mkali wa macho. Plasta ilikuwa imemwingia katika mikunjo ya viganja miaka mingi kiasi kwamba hata akinawa, mistari ile ilibaki myeupe. Siku hizi nyinyi mnafungua paketi tu, bendeji imeshaandaliwa, na nimesikia kuna nyingine nyepesi za rangi ya waridi na kijani. Sisi tulizitengeneza wenyewe. Tulikaa mezani asubuhi nzima tukisugua unga wa plasta kwenye chachi kwa mikono, tukiukunja pole pole, kisha tukizihifadhi kwenye madebe makavu. Unga ukipata unyevunyevu kidogo, umeharibika. Mvua za Kakamega mnazijua. Tulikuwa tukiyachunga madebe yale kama watu wanaochunga watoto wachanga.

Wiki yangu ya kwanza nilimfunga mtu mkono. Plasta ilitoka laini, ya mviringo, inang'aa. Nikamwita Mzee Alfayo aje aone. Hakuitazama kabisa. Aliinama, akabonyeza ukucha wa yule mgonjwa, akauachia. Ukucha ulibaki mweupe.

"Habili," akaniambia, "umemtengenezea chungu kizuri sana. Sasa mkono wenyewe uko wapi?"

Nilikuwa nimekaza mno, damu haifiki vidoleni. Akanipa mkasi wa plasta nikaikata yote, mgonjwa akinitazama, na nikaanza upya. Tangu siku ile sikumfunga mtu bila kuanza na vidole na kumalizia na vidole. Ukucha ukibonyezwa uwe mweupe, ukiachiwa urudi kuwa mwekundu mara moja. Usiporudi, kuna hatari, hata kama mgonjwa anatabasamu.

Basi, nikapata likizo, nikaenda Lugari kwa Senje Rispa.

Senje ndivyo tunavyomwita dada ya baba. Huyu alikuwa mjane, mrefu, mwenye mikono kama ya fundi wa kupasua mbao. Mashamba ya wazungu yalipogawanywa, alihamia kule na watoto wake, akalima mahindi mahali ambapo majirani walimwambia mwanamke peke yake hataweza. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa makubwa mpaka ghala yake haikutosha. Yeye na majirani wakaweka magunia katika nyumba ya mzungu aliyehama, nyumba ya mawe yenye milango mizito ya mbao.

Asubuhi ile lori lilikuwa limekuja kuchukua mahindi. Mwenye lori alikuwa Bwana Sefu, mfanyabiashara kutoka Mumias, mtu wa kofia nyeupe na kalamu ya risasi sikioni. Lori halikuweza kufika nyumbani kwa sababu ya tope, kwa hiyo lilisimama barabarani, na magunia yakawa yanapelekwa kwa mkokoteni wa ng'ombe wa jirani, Zakaria.

Mimi nilikuwa nimeketi kivulini nikinusa ingokho, kuku wa kwetu. Senje alikuwa amechinja jogoo kwa heshima yangu, na harufu ya ule mchuzi ilikuwa imeshafika mpaka barabarani. Ningekaa pale pale, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini mabinti wa jirani walikuwa wakipita na mitungi, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita.

"Zakaria," nikasema, "nipe fimbo niwaendeshe."

"Daktari, wewe ni mgeni. Kaa tu."

"Nipe."

Akanipa. Hana kosa, na nimemwambia hivyo mpaka alipozeeka. Nilisimama mbele kabisa, mguu mmoja juu ya mti wa mkokoteni, nikiimba. Palikuwa na mteremko kabla ya kufika barabarani. Ng'ombe waliusikia uzito ukiwasukuma kwa nyuma, wakaanza kukimbia. Nikaogopa, nikaruka chini niwashike kwa mbele. Kiatu changu cha mjini kikateleza kwenye tope. Gurudumu lenye pete ya chuma likapita juu ya muundi wangu, na mahindi yote yale juu yake.

Sauti ya mfupa ukivunjika niliijua. Nilikuwa nimeisikia wagonjwa wakiisimulia.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa la kijinga: nilijaribu kusimama. Mimi, dresa, niliyewagombeza watu wangapi kwa kufanya hivyo hivyo! Nilianguka hata kabla ya kunyanyuka. Nikavuta suruali nikaona ncha ya mfupa imechungulia nje, na damu inatoka.

Zakaria alinifikia akilia. Akaniingiza mikono kwapani. "Tumpereke hosipitali! Tumpandishe juu ya mahindi sasa hivi!"

"Zakaria, ukininyanyua nitakung'ata."

Akaniachia. Mtu mwingine akapiga kelele iletwe mafuta ya taa yamwagwe kwenye kidonda. Mwingine akaja na kamba ya ng'ombe anifunge paja kwa nguvu zote. Wote walikuwa wakinipenda, na kila mmoja alikuwa karibu kunimaliza. Bwana Sefu akaja mbio kutoka kwenye lori, akauona mguu, akashika kichwa: "Inna lillahi!"

"Bwana Sefu," nikamwambia, "bado niko hai."

"Naona," akasema. "Nasema kwa ajili ya mguu."

Vijana, msicheke sana. Nilikuwa nimeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilijua yale ambayo wale wengine hawakuyajua. Nilikuwa nimewaona watu walioletwa na mfupa unaoonekana nje, kidonda kimejaa udongo na majivu, siku mbili tatu zimepita. Nilikuwa nimeshika taa wakati daktari anaamua pa kukatia. Kazi yangu ilikuwa ya kusimama kutwa nzima. Nililala pale nikafikiria chumba cha plasta, na mtu mwingine amesimama mahali pangu.

Ndipo Senje akatokea, mwiko bado mkononi. Watu wakampisha. Aliutazama mguu, akanitazama mimi, akauchomeka mwiko kwenye mkanda wa lesu yake.

"Habili, hapa ni nani anajua la kufanya?"

"Mimi."

"Basi wewe utakuwa mdomo, mimi nitakuwa mikono. Hawa wengine wanyamaze."

Wakanyamaza. Hilo ndilo jambo la kwanza mnalotakiwa kujua, na sikulipata kwenye kitabu chochote: ajali ikitokea, achaguliwe mtu mmoja wa kusema na mtu mmoja wa kutenda. Ajali ikiwa na wasemaji kumi, mgonjwa ataburutwa pande kumi.

Nikamwambia anawe mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia atafute kitambaa safi kuliko vyote alivyo navyo. Akaingia ndani, akatoka na foronya nyeupe aliyoitarizi mwenyewe, ile aliyomwekea mgeni, yaani mimi, kwenye mto.

"Ipige pasi," nikasema. "Pasi ya moto kabisa, pande zote mbili."

"Unatokwa damu, nawe unataka nguo ipigwe pasi?"

"Moto unaua uchafu, Senje. Uikunje upande utakaogusa kidonda uwe ndani, usiuguse kwa vidole."

Wakati pasi ya makaa inashika moto, mimi mwenyewe nilikuwa nimebana kwa mikono pembeni mwa kidonda, sio juu ya mfupa. Damu ilikuwa nyeusi na ya kuchuruzika, haikuruka. Hiyo hutulia kwa kubanwa tu, haihitaji kamba. Ingekuwa inaruka kama maji ya bomba na haikubali kubanwa, hapo ningeiomba kamba mwenyewe. Mfupa ulioonekana nje sikuurudisha ndani, wala nyinyi msirudishe. Unafunikwa kama ulivyo, hospitali watajua la kufanya.

Senje akaja na ile foronya ikitoa mvuke. Akaifunika kidonda, akaizungushia vitambaa vingine vilivyokunjwa ili kitu chochote kisiukandamize mfupa, akafunga.

"Sasa nivue kiatu, uniambie vidole vikoje."

Alikata kamba za kiatu kwa kisu cha jikoni, akakitoa pole pole. Akabonyeza ukucha wa kidole gumba kama nilivyomwelekeza.

"Umekuwa mweupe."

"Achia. Umerudi?"

"Bado." Akangoja. "Bado, Habili. Na mguu ni baridi kama wa chura."

Hapo nikaelewa. Mguu ulikuwa umepinda, na pale ulipopinda ulikuwa umeibana mishipa ya damu. Kakamega ilikuwa mbali, barabara yote ya udongo wa murram, na mvua ilikuwa imenyesha. Tungefika na mguu uliokufa. Ilibidi unyooshwe pale pale.

Nawaonya, na ninaonya kwa ukali: jambo hili sio la kila mtu. Mguu ukivunjika nao una joto na vidole vina rangi yake, ufunge jinsi ulivyoukuta, hata kama umepinda kama mundu. Mimi nilikuwa nimeshika miguu mamia wakati Mzee Alfayo anainyoosha, nilijua unavutwa wapi na kwa nguvu gani. Lakini mikono yangu haikuweza kufika. Ningeweza tu kusema.

"Senje, shika kisigino kwa mkono mmoja, juu ya mguu kwa mwingine. Zakaria atanishika goti lisisogee. Utavuta kuelekea kwako, moja kwa moja, kama mtu anayemvuta mtoto mchanga wakati wa kuzaa, pole pole bila kuruka. Ukivuta ndipo utaugeuza kidogo mpaka kidole gumba kitazame juu kama cha mguu ule mwingine. Nitapiga kelele. Usiache."

"Nimezaa watoto saba," akasema. "Kelele zako zitaniambia nini?"

"Naweza kukutukana."

"Baba yako nilimlea. Matusi ya nyumba yenu nayajuanga yote."

Akavuta.

Sitawaeleza yale maumivu. Nilipiga kelele, na wanasema nilimtaja marehemu babu yangu kwa jina kamili. Nilimwambia aache. Nilimwamuru aache. Nilimbembeleza aache. Aliendelea kuvuta kwa ile nguvu moja isiyopanda wala kushuka, macho yake kwenye kidole changu gumba tu, mpaka mguu ukalala mahali pake, nami nikasikia kitu cha moto kikishuka kuelekea chini kama chai.

"Bonyeza," nikasema.

Akabonyeza kwa kidole gumba, mikono bado imeushika mguu. Akaachia.

"Umerudi!" akasema. "Habili, umerudi! Mwekundu!"

Zakaria, mtu mzima na ndevu zake, aliinama akajibonyezea mwenyewe, akaachia, akabonyeza tena. Kila mtu akataka kuona. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nimelala kwenye tope na machozi yananitoka, nikacheka. Kwa kitu kidogo kama ukucha! Nimeona sherehe nyingi maishani, na nilikuwa uwanjani bendera yetu ilipopandishwa Kakamega, lakini vigelegele vile vya Lugari ndivyo ninavyovisikia nikifunga macho.

Wakati mikono ya Senje ingali inavuta, wengine walileta mbao mbili za kitanda. Tulizifunga blanketi kwanza, kwa sababu ubao mtupu unatoboa ngozi. Moja ndani, nyingine nje, kutoka juu ya goti mpaka kupita kisigino, kwa maana mfupa uliovunjika hautulii mpaka kiungo cha juu yake na cha chini yake vyote vimefungwa. Kisha mguu mzima ukafungwa pamoja na ule uliovunjika, na matambara katikati. Vidole tukaviacha wazi. Ndipo Senje alipoachia, na tulipotazama saa, alikuwa ameshika kwa zaidi ya nusu saa bila kubadilisha mkono.

Hakukuwa na machela. "Ng'oeni mlango," akasema Senje. Wakaung'oa mlango wa ile nyumba ya mawe. Bwana Sefu aliamuru magunia yaliyokuwa juu yashushwe, akabakiza safu moja ya chini. "Mahindi ni springi," akasema. "Lori langu litamrusha kijana huyu kama mpira likiwa tupu." Wakaniweka juu ya mlango, mlango juu ya mahindi.

Kabla ya kuondoka nilimwomba Bwana Sefu aandike. Akachukua ile kalamu sikioni, akapasua karatasi ya mfuko wa sukari, nami nikamtajia: saa nne na robo gurudumu limepita juu ya mguu wa kulia, nani alikuwepo akaona, saa ngapi umenyooshwa, vidole vilikuwaje kabla na vilikuwaje baadaye, mgonjwa hajala kitu tangu asubuhi. Senje akanibandika ile karatasi kifuani kwa pini. Mkiumia ugenini, fanyeni hivyo. Mgonjwa anaweza kupoteza fahamu njiani, na walioshuhudia watarudi kwao. Karatasi itasema.

Hilo neno la kutokula lilileta ugomvi. Senje alipanda kwenye lori na sufuria.

"Kula kidogo. Una safari."

"Siwezi, Senje. Nitapewa dawa ya usingizi huko. Nikiwa na chakula tumboni nitatapika nikiwa nimelala, kinaweza kuniingia mapafuni."

"Hata mchuzi?"

"Hata mchuzi."

"Nimechinja jogoo wangu wa pekee," akasema, "na mgeni hali."

Mtu aliyenivuta mfupa bila kupepesa jicho, hapo ndipo nilipomwona karibu kulia. Basi njia nzima, dereva akitupitisha kwenye mashimo yote yale, mimi nikinusa, Senje, Zakaria na Bwana Sefu walikula ingokho yangu na obusuma, ugali wetu. Kila baada ya kipande, Senje alifuta mkono akabonyeza ukucha wangu. Nilihesabu mapaja yakipita, yote mawili.

Tulifika hospitalini saa tisa alasiri. Mzee Alfayo alitoka na aproni yake, akaona mlango umebebwa na watu wanne na dresa wake juu yake.

"Habili. Nilikupa likizo ukapumzike."

"Nimelala tangu asubuhi, Mzee."

Hakucheka. Alikwenda kwenye vidole. Akabonyeza, akaachia. Akapitisha kidole chake chini ya kila fundo, kimoja kimoja, kuanzia juu mpaka chini. Akasoma karatasi ya sukari. Akainua pembe ya kile kitambaa, akakinusa, akakirudisha. Nilikuwa nimefanya kazi chini yake miaka mitano sijawahi kumwona akikagua kazi na asikute kosa.

"Nani amefunga mguu huu?"

"Senje wangu."

"Ni muuguzi wa wapi?"

"Ni mkulima," Senje akajibu mwenyewe kutoka nyuma, "na mlango wangu naurudisha leo, mahindi yana panya."

Mzee Alfayo alivua kofia yake. Nawaambia, alivua kofia. Kisha akawaita madresa wote, na wanafunzi, na mpishi aliyekuwa akipita, akawaambia watazame kabla hajaufungua. Daktari mpasuaji alipokuja akauliza kitu kimoja tu, ni saa ngapi tangu ajali, nikamwonyesha kifuani. Akasoma, akatazama vidole vyangu, akasema, "Mguu huu utabaki na mwenyewe."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikamwambia asante.

Waliosha kidonda nikiwa usingizini, wakakiacha wazi siku kadhaa, kisha Mzee Alfayo akanifunga plasta na kunikatia humo dirisha la kusafishia kidonda. Likizo yangu ikahamia wodini. Na hapa msipoteze haki yenu, mkiumia likizoni: pelekeni habari kazini siku ile ile na barua ya daktari. Mzee Alfayo alinipelekea yangu kabla sijaamka, nazo siku zangu za mapumziko zikaandikwa kuwa za ugonjwa, na zile za likizo nikarudishiwa baadaye.

Wodini ndiko nilikojifunza yale mengine. Nilikuwa nimewaambia wagonjwa miaka yote, "Mwasho wa plasta ni kitu kidogo, vumilia." Wiki ya tatu nilivuta unyasi kutoka kwenye fagio nikauingiza ndani kujikuna. Raha niliyoipata haina jina. Kisha ukakatika ukabaki humo humo. Siku mbili nilinyamaza kwa aibu, mpaka Mzee Alfayo akaona ninavyojikunja. Alikata dirisha la pili, akautoa ule unyasi kwa kibano, akauinua mbele ya wodi nzima.

"Mnaona? Huyu ndiye anayewakatazanga."

Niliporudi kazini sikumwambia mtu yeyote avumilie. Niliwaonyesha wapige plasta kwa nje kwa kiganja, wauinue mguu, waniite. Na nilianza kuwaambia kabla sijavuta: nitavuta sasa, itauma, nitahesabu. Chumba chetu kikapungua kelele. Mzee Alfayo aliliona, na wagonjwa wagumu akaanza kuwaelekeza kwangu.

Miezi ikapita. Plasta ikatoka, mguu ukiwa mwembamba kama wa korongo na wenye nywele za ajabu. Nikaenda kwa magongo mawili, kisha gongo moja, kisha fimbo. Siku niliyovuka uwanja wa hospitali mikono mitupu, wagonjwa waliokaa juani walipiga makofi, nami nikawapigia saluti kama mkubwa wa jeshi.

Zile siku za likizo nilizorudishiwa, nikazichukua. Basi liliniacha barabarani, pale pale lori liliposimama siku ile, na nikapanda ule mteremko kwa miguu yangu miwili, nikiwa nimebeba jogoo hai chini ya kwapa.

Senje alikuwa shambani akipalilia. Alisikia jogoo, akainuka, akakinga macho na jua. Hakunikimbilia. Alichomeka jembe ardhini, akaita kwa sauti iliyofika kwa Zakaria na kupita:

"Njooni! Njooni muone! Amekuja kwa miguu!"

Wakaja, wengine na majembe, wengine na unga mikononi. Wakajipanga kwenye ukingo wa shamba kama watu wa kutazama mbio. Senje akanipokonya jogoo, akanionyesha ua wa upande wa pili.

"Nenda mpaka pale, urudi. Pole pole, waone."

Nikaenda. Nikagusa ua, nikageuka, nikarudi. Mguu wa kulia ulishika ardhi kama ule wa kushoto, hakuna aliyeweza kujua ni upi. Zakaria alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilifika mbele ya Senje, nikasimama wima, jasho likinitoka, nikingoja neno lake.

Aliutazama ule mguu kuanzia goti mpaka kidole, mguu aliounyoosha yeye, na uso wake wote ukafunguka.

"Tena," akasema.

Nikaenda tena.